Presha, sukari na kitambi: mwongozo kamili wa kujitunza kwa mtu mzima wa Kitanzania

Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa kitaifa uliopima afya za Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Karibu mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu. Karibu tisa katika kila mia walikuwa na kisukari. Na zaidi ya 97 katika kila mia walikuwa wanakula mboga na matunda pungufu ya kiwango kinachoshauriwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikera kuliko zote, maana tunazungumzia nchi ambayo mchicha huota hata pembeni ya mtaro, na maembe ya Tabora msimu ukifika huoza chini ya miti.

Chakula tunacho, basi. Miguu tunayo. Zahanati nayo mara nyingi haiko mbali. Kinachotuangusha ni vipimo: chumvi isiyopimwa, sukari isiyopimwa, na mwili wenyewe usiopimwa mpaka siku mtu anaanguka msalani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima wa kipato cha kawaida, asiye na gym wala mpishi, anayekula kwa mama lishe mchana na kurudi nyumbani usiku. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na kila moja ipe wiki mbili kabla ya kwenda nyingine. Anayeanza yote Jumatatu kwa mpigo (kukimbia, kuacha ugali, kunywa maji ya ndimu, kulala saa tatu) Ijumaa utamkuta kwenye chipsi mayai.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujabadili chochote

Vipimo vitatu vinatosha kuanzia: presha, sukari na kiuno.

Presha inapimwa zahanati, kituo cha afya, na katika maduka mengi ya dawa. Kwenye Maonesho ya Sabasaba na kampeni za afya za mikoani mara nyingi kuna mabanda ya kupima bure. Shida ni kwamba watu wengi hupimwa vibaya. Umeshuka kwenye bodaboda, umepanda ngazi, unahema, halafu mkono unafungwa mashine juu ya shati. Namba inayotoka hapo haina maana. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano, miguu yote chini, usikunje nne. Nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Mkono uwe wazi, uegemee meza usawa wa moyo, na usiongee. Omba upimwe mara mbili, kwa kupishana dakika moja au mbili.

Namba zikiwa chini ya 120 kwa 80, uko vizuri. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine; zikibaki hapo hapo, hiyo ni presha ya juu na unahitaji kumwona daktari hata kama hujisikii chochote. Wengi kweli hawajisikii chochote. Ule usemi wa "presha yangu naijua, ikipanda kichwa kinagonga" umezika watu. Presha inaweza kukaa 170 miaka kadhaa, nawe unacheza bao kila jioni kama kawaida.

Sukari ipime asubuhi kabla ya chai, ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi. Kwa kipimo cha mmol/L, chini ya 6.1 ni kawaida. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Kuanzia 7.0 ni dalili ya kisukari, na kipimo kirudiwe ili kuthibitisha. Ukiwa na miaka 40 au zaidi, pima kila mwaka. Ukiwa na kitambi, au mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, usingoje arobaini.

Kiuno: tafuta futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi kwa kawaida bila kubana tumbo. Mwanaume akizidi sentimita 94 na mwanamke akizidi 80, hatari imeanza kupanda. Kwa 102 na 88 imepanda sana. Najua kwetu kitambi cha mwanaume husomwa kama cheti cha mafanikio, na mke aliyenenepa baada ya ndoa husemwa "anatunzwa". Mafuta ya tumboni hayajali heshima hiyo. Yanazunguka ini na matumbo, na ndiyo yanayokaribisha kisukari.

Andika namba zote kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Hatua ya pili: andika tarehe kwenye pakiti

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote kwenye mwongozo huu, na haigharimu kitu zaidi ya kalamu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Hakuna mpishi wa nyumbani anayeweza kupima hivyo kila anapoinamia sufuria. Lakini pakiti inapimika. Chukua nyumba yenye watu wazima watano: gramu 5 mara watano ni 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo haitakiwi kuisha kabla ya siku 20. Siku unayoifungua, andika tarehe juu yake. Ikiisha ndani ya siku kumi, huna haja ya mtaalamu wa lishe kukueleza kitu. Na kumbuka hapo hujahesabu ya kwenye chipsi, mishkaki, mkate na supu ya asubuhi ulivyokula nje.

Fanya hivyohivyo kwenye sukari. Kiwango cha juu ni kama gramu 50 kwa mtu kwa siku, na bora zaidi ni 25. Nyumba ya watu wanne wakibaki kwenye 25, kilo moja itadumu siku kumi. Zipo nyumba ambazo kilo haimalizi siku tatu, na kila mmoja anaapa kwamba yeye hunywa chai "ya kawaida tu". Mafuta ya kula nayo yaandikie tarehe kwenye dumu. Hapo sikupi namba ya kushika kwa sababu mapishi yanatofautiana. Lengo liwe dumu la mwezi huu lichelewe kuisha kuliko la mwezi uliopita.

Namna ya kupunguza bila nyumba kugoma: punguza robo tu kila wiki mbili. Ulimi huzoea. Baada ya mwezi au miezi miwili, chakula cha jirani ndicho kitakachokuwa na chumvi nyingi. Ondoa kopo la chumvi mezani. Ongeza ndimu, tangawizi, vitunguu saumu, pilipili, giligilani. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa viungo. Lakini angalia vile vidonge na unga wa kukolezea mchuzi, maana sehemu kubwa yake ni chumvi. Ukivitumia, usitie chumvi nyingine.

Kuna magadi pia. Tunayatia kwenye mlenda, kisamvu na maharage ili yalainike upesi. Magadi yana sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi, na yanaharibu baadhi ya vitamini za mboga. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, yataiva haraka bila magadi na bila kumaliza mkaa. Samaki wa ng'onda na dagaa waliotiwa chumvi waloweke kwanza na kubadilisha maji mara mbili.

Usiache chumvi yenye madini joto ukakimbilia ya mawe isiyo na kitu kwa kudhani ni ya asili zaidi. Madini joto yanazuia tezi la shingo na yanalinda akili ya mtoto aliye tumboni. Chumvi iwe hiyohiyo, kiasi ndicho kipungue.

Hatua ya tatu: vinywaji

Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Hakuna anayeweza kukaa mbele za watu akatia vijiko tisa kwenye kikombe kimoja cha chai, lakini soda mbili kwenye send-off hazimshtui mtu. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wa bodaboda na walinzi wa usiku wamevifanya kifungua kinywa, vina sukari na kafeini kwa pamoja. Mwenye presha akae navyo mbali.

Fanya hivi: soda iwe ya sherehe, isiwe ya kushushia wali wa kila mchana. Juisi ya ukwaju, ubuyu au miwa ni tamu na ni yetu, lakini ya miwa ni sukari yenyewe iliyokamuliwa, na hizo nyingine zikitiwa sukari hazitofautiani sana na soda. Kula tunda badala ya kulikamua. Chai anza kwa kutoa nusu kijiko. Maji ya kunywa yachemshe au yatibu, na beba chupa yako, kwa sababu anayetoka nyumbani bila maji huishia kununua kilicho baridi na chenye rangi.

Hatua ya nne: panga sahani upya

Sijawahi kuelewa kwa nini ushauri wa lishe wa mitandaoni humwambia mtu wa Temeke ale shayiri na brokoli. Chakula chetu kinafaa. Mpangilio ndio umegeuka: mlima wa ugali, kipande cha nyama, na mboga za majani zilizowekwa pembeni kama mapambo.

Gawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga, robo wanga (ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo), robo maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama. Tunda lije baadaye au katikati ya siku. Lengo ni angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, kama viganja vitano. Viazi na mihogo havihesabiki humo.

Kwa vitendo, nusu sahani ya mboga maana yake ni kununua mafungu mawili pale ulipozoea moja. Matembele, mchicha, figiri, mnafu, majani ya maboga na kisamvu bado ni miongoni mwa vyakula nafuu sokoni. Pika dakika chache, ufunike, mafuta kijiko kimoja. Mboga inayoogelea kwenye mafuta imepoteza kazi yake. Kachumbari nayo ni mboga, ila usiipakue kwa kijiko cha chai.

Matunda nunua kwa msimu, ndipo yanaposhuka bei: maembe mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, na mananasi ya Kiwangwa gari linapomwaga barabarani. Tufaha la kutoka nje, lililofungwa kwenye plastiki, haliwazidi ndugu zake hawa kwa chochote zaidi ya bei.

Sasa dona. Unga wa dona una pumba na kiini cha mahindi, kwa hiyo una nyuzi lishe zaidi, unashibisha kwa muda mrefu, na haupandishi sukari ya damu kwa kasi kama sembe nyeupe. Mwanzoni watu nyumbani watanung'unika. Changanya nusu kwa nusu kwanza. Lakini dona ina masharti mawili. Kwanza, usage kidogokidogo, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na unga ukikaa sana huwa mchungu. Pili, mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu hata kidogo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mahindi yenye ukungu usiyape mifugo wala usiyauze, tupa. Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi ni vivyo hivyo.

Kwa mama lishe, sema kabla hajapakua: "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga na maharage." Wengi watafurahi, wali ndio unaowagharimu. Ukila kila siku sehemu moja, wiki ya pili hutahitaji kusema. Mchuzi wa juu wenye mafuta yanayoelea mwambie auache. Asubuhi, supu na chapati mbili ni mzigo wa chumvi na mafuta. Yai la kuchemsha, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na chai isiyo na sukari nyingi vinakufikisha mchana vizuri zaidi. Maandazi na vitumbua vibaki vya siku moja moja.

Chipsi sitakwambia uache kabisa, maana utanidanganya. Mara moja kwa wiki, kachumbari nyingi, usiongeze chumvi, unywe maji. Ukiona mafuta ya muuzaji yamekuwa meusi na yanatoa povu, pita. Nyama choma nayo haina ubaya ikiwa ni kidogo, haijaungua na kuwa mkaa, na ina kachumbari kuliko ile chumvi ya pembeni ya sinia ambayo watu huichovya kama asali.

Neno moja kwa wanaofunga Ramadhani, na kwa Kwaresima pia kwa wanaoacha kula mchana: kufunga kunaweza kuusaidia mwili, kisha futari ikaharibu yote. Uji wenye sukari, kaimati, tambi, sambusa na viazi karai kwa mpigo mmoja ni nyingi mno. Anza na tende chache na maji, uswali, kisha ule mlo wa kawaida. Anayetumia dawa za kisukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu muda na kipimo cha dawa huenda vikabidi kubadilishwa.

Hatua ya tano: miguu

Kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, au nusu yake kama ni nzito, na siku mbili za kuupa misuli kazi. Mkulima wa jembe, mchukuzi wa Kariakoo na mama anayebeba ndoo za maji wameshavuka hapo kabla ya saa nne asubuhi. Wao wanahitaji kupumzika, hawahitaji kuambiwa wakimbie. Nazungumza na karani, mwalimu, muuza duka, na dereva. Dereva wa bodaboda huzunguka mji mzima huku amekaa.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Shuka daladala au mwendokasi kituo kimoja au viwili kabla ya chako, utembee kwa haraka. Kasi sahihi ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Unaweza kuigawa: dakika kumi asubuhi, ishirini jioni. Viatu viwe vyenye soli nzuri. Raba ya mtumba inatosha kabisa.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na vikundi vya joging vimeshamiri mitaani, hasa Dar es Salaam. Jiunge na kimoja kama kipo karibu. Kwa wanawake ni afadhali zaidi, kwa sababu barabara ya alfajiri ina giza, mbwa na midomo ya watu, na kundi linafukuza vyote vitatu. Ambaye hawezi kutoka aruke kamba uani, au afunge mlango apige singeli tatu mfululizo na azicheze zote mpaka mwisho. Atatoka jasho kuliko wengi walioko gym.

Kwa misuli: kaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi na tano bila kushika, push-up ukutani au chini, panda ngazi. Rudia mara tatu. Anayeanza akiwa na presha ya juu sana, maumivu ya kifua au magoti mabovu amuulize daktari kwanza.

Hatua ya sita: sigara na pombe

Sigara hakuna kupunguza, ni kuacha. Ugoro na tumbaku ya kutafuna viko kundi hilohilo. Chagua siku, waambie wa nyumbani, toa kiberiti mfukoni, na wiki tatu za mwanzo epuka kijiwe ulichozoea kuvutia. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara hushuka kufikia kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Pombe, Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiasi kisicho na madhara kabisa. Anayekunywa basi apunguze: awe na siku nyingi za wiki zisizo na pombe kabisa, asinywe tumbo likiwa tupu, na abadilishane chupa moja ya bia na ya maji. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe kali ya bei ndogo haijaisha mitaani, na gongo isiyojulikana ilikopikwa inaweza kupofusha au kuua kwa usiku mmoja. Atakayejikuta mikono inatetemeka asubuhi bila pombe asiache ghafla peke yake nyumbani. Aende hospitali, kuna dawa za kumsaidia avuke salama.

Hatua ya saba: usingizi na moshi

Saa saba au zaidi kwa usiku, ndani ya chandarua. Simu ilale chumba kingine au mbali na mkono. Kwenye mitaa ya baa na vigodoro hilo ni gumu, najua. Hata pamba masikioni ni bora kuliko kukesha ukitukana. Anayekoroma sana na mwenza wake akaona pumzi inakatika usingizini, aseme kwa daktari, kwa sababu hali hiyo hupandisha presha.

Moshi wa kuni na mkaa unaharibu mapafu na moyo wa mpishi, ambaye mara nyingi ni mama. Pikia nje au mahali penye madirisha, tumia jiko banifu, na gesi ikiwezekana hata kwa chai tu. Jiko la mkaa usiingize kamwe chumba cha kulala kupasha joto: Mbeya, Njombe na Arusha kipindi cha baridi hii si hadithi, ile hewa haina harufu na inaua usingizini.

Hatua ya nane: kliniki na dawa

Ukishaambiwa una presha au kisukari, hatua zote za juu zinaendelea, na dawa zinaongezeka. Hazibadilishani. Presha ikishuka kwa sababu ya vidonge, maana yake vidonge vinafanya kazi. Ukiacha kwa kuwa "nimepona", itarudi, na huenda ikarudi na kiharusi. Kitunguu saumu kwenye mchuzi sawa, lakini kisikuondolee kidonge. Ukitumia dawa za miti shamba, mwambie daktari bila aibu, maana baadhi yake hugombana na za hospitali au huchosha figo.

Na hizi dawa za maumivu tunazonunua kama pipi, diklofenaki na ibuprofeni hasa, zikitumiwa mfululizo hupandisha presha na kuumiza figo. Mgongo unaouma kila wiki unahitaji kuchunguzwa.

Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wapime saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki kisha ukaangaliwa, ni cha muda mfupi na hakina uchungu mkubwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi, kuanzia miaka 25. Kwa kila mtu: pima virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo. Siku ya kliniki nenda na lile daftari lako la namba, na pakiti za dawa zote unazotumia.

Dalili za kukimbilia hospitali sasa hivi

Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kukokoteka au kutotoka: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Kifua kubana kama kimewekewa gunia, maumivu yakienda mkono wa kushoto, shingo au taya, na jasho la baridi: huo ni moyo. Kuna familia ambazo katika hali hii huanza kutafuta aliyemtupia jini mgonjwa. Dua isomwe, lakini isomwe garini mkielekea hospitali kubwa iliyo karibu, maana baadhi ya tiba za kiharusi hufanya kazi ndani ya saa chache tu za mwanzo. Mlaze kwa ubavu akizimia. Usimpe chakula, maji wala dawa yoyote ya kumeza, kwa sababu huenda akapaliwa. Na angalia saa: andika kwenye simu muda aliokuwa mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi.